Kasha la maua, droo za Kigustavi, kabati la ghorofa mbili au msaji wa Denmaki: kipi kikufae?

Ukihamia Stockholm, Oslo au Copenhagen huchukui muda kugundua kwamba fanicha ya kale huko si ya matajiri peke yao. Uswidi kuna loppis, masoko ya mitumba ya nyumbani, karibu kila wikendi. Norwe, bendi za shule hukusanya vitu kwa majirani na kuviuza ili zinunue ala. Na minadani, kasha la msonobari lililokwisha chubuliwa rangi linaweza kwenda kwa bei ya kabati jipya la mbao za kubandika. Kupata si tatizo. Kazi iko kwenye kuchagua, na wengi huchagua kwa macho tu: mtu hulipenda kasha kwa maua yake, akalipandisha ghorofa ya tatu, kisha akakuta kila anachokitaka asubuhi kimelala chini kabisa.

Hapa nimeweka aina nne bega kwa bega. Tatu za kwanza ni za kale kwa maana yake halisi, zimepita miaka mia. Ya nne, kabati refu la msaji kutoka Denmaki, ni ya miaka ya 1950 na 1960, kwa hiyo wauzaji wakali wa vitu vya kale hawaihesabu. Nimeiingiza kwa sababu ndiyo mshindani wa kweli wa hizo nyingine; anayesita dukani mara nyingi anasita kati yake na moja ya zile tatu.

Vigezo kwanza

Cha kwanza ni kinachoingia. Kila kifaa cha kuhifadhia kilitengenezwa kwa vitu vya nyumba fulani. Mkulima wa Dalarna, Uswidi, mwaka 1800 hakuwa na henga, faili za ofisini wala chaja za simu. Alikuwa na shuka, nguo za kukunja, vijiko, nafaka na pengine kitabu cha nyimbo. Kwa hiyo usiulize tu kabati ni kubwa kiasi gani. Uliza lilikusudiwa nini, kisha pima vyako. Sahani ya chakula ni kama sentimita 27. Faili la karatasi za A4 husimama kama sentimita 32. Nguo iliyotundikwa kwenye henga inataka kina cha sentimita 55 hadi 60, na hapo ndipo makabati mengi ya kale yanapofeli. Nenda dukani na futi ya kupimia na namba hizo.

Cha pili ni mwonekano, na hapa neno kubwa ni rangi. Fanicha nyingi za mashambani Skandinavia ni za msonobari na zilipakwa rangi ya mafuta ya mbegu za kitani tangu siku ya kwanza. Mwishoni mwa karne ya 19 nyingi zilipakwa tena rangi ya kahawia, na mchoraji akaiga mistari ya mbao za gharama. Kisha ikaja miaka ya 1960 na 1970, watu wakapenda msonobari mtupu, makasha na makabati yakatumbukizwa kwenye dawa kali ya kuchubua. Ndiyo maana utakuta vitu vya umri mmoja katika hali tatu: rangi ya asili, rangi juu ya rangi, na mbao zilizochubuliwa. Tofauti hiyo hubadilisha bei kuliko umri wenyewe. Hali ya nne, ya kuangalia kwa jicho la pili, ni kijivu kipya kilichopakwa majuzi ili kitu kiitwe cha Kigustavi, yaani cha mtindo wa zama za Gustav wa Tatu, mfalme wa Uswidi.

Cha tatu ni usafiri na nafasi: ngazi, lifti, mlango, dari. Cha nne ni matunzo, pamoja na fedha utakazotoa baada ya kununua.

Jambo moja linazihusu aina zote tatu zenye rangi. Rangi nyeupe na za kung'aa za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, nayo ni sumu. Usizipige msasa mkavu ndani ya nyumba, hasa penye mtoto anayetambaa.

Kasha la maua

Ni kasha la mbao lililochorwa maua; Waswidi huliita *kista*, Wanorwe *kiste*. Bibi harusi alikwenda nalo kwa mumewe likiwa na shuka, mablanketi na nguo alizoshona kwa miaka. Msomaji wa Lamu au Unguja hana haja ya kuelezwa zaidi. Kasha la misumari ya shaba lilifanya kazi hiyohiyo.

*Kinachoingia.* Kwa kawaida lina urefu wa sentimita 100 hadi 130 na kina cha karibu 60. Humeza duveti, mito ya wageni na makoti ya baridi ambayo hutayagusa hadi Novemba. Ndani, upande mmoja juu, mara nyingi kuna kisanduku chenye kifuniko chake cha kuwekea fedha na vikuku. Leo hukaa pasipoti na hati. Kasoro iko palepale penye sifa: unafungulia juu. Ukiweka taa na vitabu juu ya kifuniko, kasha limegeuka meza na vilivyomo umevizika.

*Mwonekano.* Hakuna kati ya vinne hivi kinachosema kwa sauti kubwa kuliko hiki. Telemark na Hallingdal nchini Norwe walipamba kwa maua ya kujipinda, *rosemåling*, na kazi bora nyingi ni za kati ya 1750 na 1850. Dalarna nchini Uswidi wana mtindo wao, *kurbits*, mmea mkubwa wa kubuni unaohusishwa na mtango uliomkinga Yona na jua. Mbele huandikwa jina au herufi za mwenyewe pamoja na mwaka. Herufi ya mwisho ikiwa D, ni binti wa fulani. Ikiwa S, ni mwana wa fulani. Mwaka huo lakini ni wa mwenye kasha, pengine wa harusi yake. Seremala aweza kuwa alilimaliza mapema zaidi, na kasha la mama likapakwa upya kwa ajili ya binti.

*Usafiri na nafasi.* Rahisi kuliko vyote. Lina vishikio vya chuma, watu wawili hulibeba, na hupita mlango wowote. Lilitengenezwa lisafiri. Waswidi zaidi ya milioni moja na Wanorwe wapatao laki nane walihamia Amerika ya Kaskazini tangu karne ya 19 hadi mwanzoni mwa ya 20, wengi wakiwa na makasha haya. Kwa hiyo aliyeko Minnesota au Iowa hana haja ya kuagiza Ulaya. Makumbusho ya Vesterheim mjini Decorah, Iowa, yana makasha mengi ya kujifunzia kabla ya kutoa pesa.

*Matunzo.* Kifuniko ni kizito na mara nyingi hakina cha kukizuia kisianguke. Funga mkono wa kukishikilia, na ikiwa una watoto, kitasa kile cha kujifunga chenyewe kitolewe au kizibwe. Hilo si la kuahirisha.

Kabati la droo la Kigustavi

Gustav wa Tatu alikuwa Paris mwaka 1771 habari za kifo cha baba yake zilipomfikia. Alirudi mfalme, na mapenzi yake kwa mambo ya Kifaransa yakaingia kwenye fanicha ya Uswidi: mistari iliyonyooka, miguu iliyochongwa mifereji, mapambo machache. Fundi mkuu wa zama hizo, Georg Haupt (1741–1784), alikuwa amefanya kazi Paris na London kabla ya kuwa seremala wa jumba la mfalme. Makabati yake, yaliyotiwa nakshi za mbao za rangi mbalimbali, yako majumba ya kifalme na makumbusho. Unayoweza kununua ni ndugu zake wa mbali.

*Kinachoingia.* Umbo la kawaida ni droo tatu, upana wa sentimita 100 hadi 120, kimo cha karibu 80. Nguo za kukunja, taulo, vitambaa vya meza, kanga na vitenge: kwa hizo sijaona kinacholipita. Droo ni za kina, kwa hiyo vitu vidogo hupotea usipoweka visanduku ndani. Hazina reli, mbao inateleza juu ya mbao, na nyingi zinavutwa kwa ufunguo wenyewe. Ukipoteza ufunguo, umepoteza na kishikio.

*Mwonekano.* La mjini lina nakshi za mbao au mahogani, na juu bamba la mawe, pengine marumaru ya kijani ya Kolmården. La mashambani ni msonobari uliopakwa kijivu cha lulu au buluu iliyopauka, na juu mchoraji ameiga marumaru kwa brashi. La mashambani hukaa vizuri zaidi katika fleti ndogo, kwa sababu rangi zake hurudisha mwanga, nao mwanga mwezi Desemba huko ni bidhaa adimu. Hukubali pia kuwekwa karibu na chochote, hata zulia lenye makelele.

Hapa ndipo udanganyifu ulipo mwingi. Mtindo huu uliendelea vijijini miongo mingi baada ya mfalme kuuawa mwaka 1792, na ukafufuliwa tena karibu na 1900. Zote hizo huuzwa kwa jina moja. Toa droo, igeuze. Meno ya kwenye pembe yakiwa ya ukubwa usiolingana, yalikatwa kwa mkono; yakifanana kama yametoka mashineni, ndiko yalikotoka. Pitisha kiganja chini ya droo na mgongoni: randa ya mkono huacha mawimbi unayoyahisi. Alama za msumeno zilizopinda kama upinde ni za msumeno wa duara, yaani kazi ya karne ya 19 ikiwa imeendelea au baadaye. Cha 1900 si kibaya, na droo zake huenda zikateleza vizuri zaidi. Ila kilipwe kama cha 1900.

*Usafiri na nafasi.* Zito kidogo, lakini droo hutoka. Bamba la mawe libebwe peke yake, likiwa limesimama kwa ubavu.

*Matunzo.* Droo inayogoma ipakwe nta ya mshumaa kwenye kingo. Isiwekwe karibu na kipasha joto. Hewa ya ndani hukauka sana majira ya baridi na mbao hupasuka.

Kabati la ghorofa mbili

Kwa Kiswidi ni *skåp* tu. Chini milango miwili, juu milango miwili, katikati pengine droo mbili tatu.

*Kinachoingia.* Sahani, sufuria, vitabu, unga, viungo, vifaa vya kushonea, nyaraka za familia nzima. Kwa ujazo juu ya kila futi ya sakafu, hiki huvishinda vyote, na milango yake huficha fujo. Nguo za kutundika ndizo zisizowezekana. Zamani zilikunjwa au kuangikwa kwenye vigingi, hivyo kina mara nyingi hakifiki sentimita 55. Utaona watu wametoa rafu na kutia bomba la henga, mlango usifungike tena vizuri. Ukitaka kabati la nguo, tafuta la mwishoni mwa karne ya 19 na kuendelea, au acha.

*Mwonekano.* Lina uzito wa mwenye nyumba. Katika chumba chenye dari ya chini linaweza kutawala kila kitu, na ni vizuri likiwa peke yake ukutani. Mwenye nafasi ya kusafiri aende Hälsingland, Uswidi, ambako nyumba saba za wakulima zimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2012. Utaelewa huko kwamba kabati lilikuwa sehemu ya chumba kizima kilichopakwa rangi, na kwa nini likitengwa huonekana kubwa mno.

*Usafiri na nafasi.* Ghorofa ya juu huinuliwa ikatoka, na taji la juu mara nyingi hutoka pia. Kwa hiyo hupanda ngazi kwa urahisi kuliko unavyodhani. Fleti za sasa za Uswidi zina dari ya mita 2.4 hivi, pima pamoja na taji.

*Matunzo.* Lifungwe ukutani. Chunguza kama vipande viwili vilizaliwa pamoja: mbao za mgongoni zifanane, rangi ya ndani ifanane, na ya juu isining'inie wala kupwaya juu ya ya chini. Vipande vya asili mbalimbali si dhambi, ni punguzo la bei. Tazama pia vitundu vidogo vya dumuzi. Vitundu vikuukuu vyenye kingo nyeusi ni historia. Unga mpya chini yake ni wadudu hai, nao huuawa kwa kugandisha au kupasha joto kwa watu wenye vyumba vya kazi hiyo.

Asiye na sakafu ya kutosha amtazame mdogo wake, *hörnskåp*, kabati la pembeni la kutundika. Lilikaa juu ya meza kuu na mara nyingi ndilo lililofunga pombe na bilauri. Huchukua kidogo, lakini hutumia pembe ambayo haina kazi nyingine.

Kabati refu la msaji

Hapa historia ni ya watu waliopima. Kaare Klint (1888–1954), aliyefundisha usanifu wa fanicha Copenhagen tangu 1924, aliwafanya wanafunzi wapime mashati, sahani na vijiko kabla ya kuchora kabati. Mwanafunzi wake Børge Mogensen aliendeleza hesabu hizo, na mwaka 1954 yeye na Grethe Meyer walitoa mfumo wa makabati ya ukutani uliojengwa juu ya vipimo vya vitu vya nyumbani. Maonyesho ya chama cha maseremala wa Copenhagen, yaliyofanyika kila mwaka tangu 1927 hadi 1966, ndiyo yaliyoipeleka kazi hiyo duniani.

*Kinachoingia.* Kwa sababu hiyo, ndicho pekee kati ya vinne kilichotengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyofanana na vyako. Rafu hupanda na kushuka, droo za vijiko ni za kina kifupi, milango huteleza bila kudai nafasi mbele. Kina cha sentimita 42 hadi 50 hutosha sahani na faili. Duveti hapana.

*Mwonekano.* Chini, refu, tulivu; mbao yenyewe ndiyo pambo. Picha na televisheni hukaa juu yake bila ugomvi. Wengine huliona limezoeleka mno, na ni kweli kwamba liko katika kila tangazo la nyumba.

*Usafiri na nafasi.* Urefu wa sentimita 180 hadi 240 haukunjiki. Miguu mara nyingi hufunguka kwa skrubu, ila mwili hauingii lifti ndogo. Pima kona ya ngazi kabla ya kulipa, si baada.

*Matunzo.* Msaji, au tiki kama mafundi wengi wasemavyo, huku ni ngozi nyembamba iliyobandikwa juu ya mbao nyingine. Msasa wa mashine huipenya kwa dakika moja, na hakuna kurudi nyuma. Alama za glasi hutibiwa kwa mafuta na subira. La Arne Vodder kwa kiwanda cha Sibast au la Hans Wegner kwa Ry Møbler hulipiwa jina. Lisilo na jina, lenye muhuri wa ukaguzi wa wenye viwanda wa Denmaki, huwa na kazi nzuri kwa fedha kidogo sana.

Na kuna sheria. Baadhi si msaji bali rozwudi ya Brazili, ambayo biashara yake ya kimataifa imebanwa tangu 1992 na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Ndani ya Umoja wa Ulaya, kabati la rozwudi hiyo la miaka ya 1960 halipaswi kuuzwa bila cheti. Muuzaji asiye na cheti, mwache na kabati lake.

Kulingana na hali yako

Unapanga chumba kimoja na utahama tena: kasha. Ni kiti, ni stoo, ni meza ya kahawa, na kesho linaingia kwenye gari la rafiki. Chagua lenye kifuniko bapa. La mgongo wa duara halikaliki.

Familia yenye watoto na jiko dogo itapata nafuu zaidi kwenye kabati la ghorofa mbili, hata lililochubuliwa rangi. Kuchubuliwa kunashusha bei na kunapunguza hofu ya risasi, ingawa rangi hubaki kwenye nyufa.

Mwenye nguo nyingi za kukunja na chumba cha kulala chenye mwanga hafifu ajaribu droo za mashambani zilizopakwa rangi. Akibanwa na bajeti, aulize za mahogani za miaka ya 1820 hadi 1850, mtindo unaoitwa kwa jina la mfalme Karl Johan wa Uswidi. Fanicha ya kahawia iliyokoza imeshuka thamani sana minadani, na kazi yake ya mikono mara nyingi huipita ile ya kijivu inayogombaniwa.

Anayefanya kazi nyumbani, mwenye faili, printa na nyaya, achukue msaji.

Ukinunua mnadani, kumbuka ada ya mnunuzi huongezwa juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani, na usafiri ni wako. Stockholms Auktionsverk, iliyoanza mwaka 1674, na wenzake hukuruhusu kutazama kitu kabla ya siku ya mnada, na ukiomba maelezo ya hali yake utapewa.

Na anayetaka kukipeleka Mombasa au Dar es Salaam ajue kwamba msonobari ni chakula cha mchwa, na rangi ya mafuta hupata taabu kwenye unyevu wa pwani. Wengi hudhani msaji utawaokoa. Kumbuka ni ngozi ya juu tu, na mbao ya ndani mchwa hawaibagui. Kasha la mwaloni kutoka kusini mwa Uswidi au Denmaki lina nafasi nzuri zaidi, likitiwa dawa kabla ya kufungwa na likikaa juu ya vigingi, mbali na ukuta.